Friza Ghorofa ya Nne

Wimbo umerudi mjini, wala haukupiga hodi.
Miaka ulilala na makuli wake,
leo uko kwenye simu ya kila kinyozi wa Keko,
Tandika bwana harusi kaingia nao ukumbini,
na Masaki, juu ya paa, watu wa benki wamelegeza tai
wanaitikia, bilauri mkononi:

*Gunia lina mwenyewe —*
*Haya, si mimi!*
*Na mgongo ni wa nani? —*
*Haya, ni wangu!*

Wanacheka. Sijui wanachekea nini.
Wimbo wa gatini, enzi za katani na matishari;
kijana mmoja wa Mbagala kauokota kwenye kaseti,
akautia singeli, ukatoka mbio kama mwizi wa kuku.

Nami niliupenda, nisiwe mnafiki.
Nilikuwa nauimba siku ile nilipoleta friza,
friza ya mtumba, kubwa kama jeneza la watu wawili,
ya kugandishia ukwaju na ubuyu,
na mimi nakaa ghorofa ya nne,
na jengo letu halijui lifti tangu liumbwe.

Wakajitokeza wanne: Hafidhi, Shukuru, Erasto wa saluni,
na yule tunayemwita Nusu, kwa kuwa kila deni hulipa nusu.
"Wimbo tunao, dada," wakasema, wakawasha simu.

Ngazi ya kwanza mpaka ya sita, sherehe.
Ghorofa ya pili singeli ilishafika juu kitambo,
friza bado iko chini.
Mdomo unasema haya, goti linasema ngoja,
kila mtu ananyanyua kwa saa yake.
Kona ya friza ikala ukuta.
Kidole cha Hafidhi kikaliwa na kona.
Simu ikaendelea kuimba peke yake.

Mlango ukafunguka.
Mama Sikujua, kanga kifuani, mswaki mdomoni,
hakuja na hekima, alikuja na hasira:
rangi ya ukuta atalipa nani?
Kisha akaisikiliza simu kidogo, akatema povu.
"Na mimi mmeniweka wapi?"

Hatukuelewa.

"Huo wimbo nimo. Mmeukata mlipofika kwangu."
Miaka kumi na moja aliuza uji geti la bandari,
alfajiri, zamu zikipishana, makuli wakinywa kwa daftari,
na siku ya malipo wakitokea geti jingine.
"Zimeni hicho kidude. Shikeni kwa chini.
Asiinue mtu mpaka niseme."

*Gunia lina mwenyewe —*
alilivuta neno kama anayevuta ndoo kisimani,
na mwisho wa neno akaacha pengo,
pengo ambalo kwenye simu halimo.
Mikono yetu ikajua pengo lile ni la nini.
*Haya!* Friza ikapanda ngazi moja.
*Si mimi.* Ikatua.

*Mwenye uji anadai —*
*Haya, si mimi!*
*Kondo bakuli sabini —*
*Haya, si mimi!*
*Pazi karuka ukuta —*
*Haya, si mimi!*

Nusu alicheka nusura aachie.
Mama Sikujua hakucheka. Alikuwa anasoma daftari.
Majina kumi na manne, ngazi kwa ngazi;
wengi wameshazikwa,
mmoja, alisema, yuko Tanga na duka la simenti,
na kila jina lilitupunguzia kilo mbili tatu.

Erasto alirekodi, angeachaje?
Hakuna sura: ni ndala, pumzi,
na sauti ya mwanamke anayedai chake.
Akairusha. Watu thelathini na mmoja wameitazama.
Mmoja kaandika: mbona polepole hivyo?

Kesho yake nikamshushia barafu ya kwanza ya ukwaju,
katikati haijashika vizuri.
Akaipokea, akauliza bei.
Nikamwambia, mama, hii ya bure.
"Hapana," akasema. "Andika."