Sentimita Tano

Tepu hukaa shingoni mwangu tangu alfajiri.
Najua kiuno cha kila mama wa Kibuye,
najua nani kanenepa, nani kakondeshwa na mawazo.
Kifua cha Wasonga sikuwahi kukipima.
Mwaka mzima hatukusemezana,
ukuta wa mabati kati yetu,
kwa ajili ya robota moja la vitambaa vya sare
ambalo kila mmoja aliapa ni lake.

Mwezi wa pili alikuja binti, Chemtai,
na mwanasesere asiye na miguu,
akatuita sisi wa vibandani chini ya turubai.
Tulicheka. Nani hakucheka?
Akamlaza yule mtu wa mpira juu ya gunia, akasema:
katikati ya kifua, kiganja juu ya kiganja,
viwiko vinyooke,
bonyeza sentimita tano, zisizidi sita,
kisha uache kifua kijirudie chenyewe.
Nikavuta tepu, nikaitazama tano:
upindo wa sketi ya shule.
"Na kasi?"
"Mia kwa dakika. Ikifika mia na ishirini si kosa."
Mguu wangu ukajibu chini ya gauni kabla yangu.
Ndiyo kasi ya cherehani yangu
kwenye mshono mrefu usio na kona.

Jumapili ya soko, jua la utosi,
cherehani ya Wasonga ikanyamaza.
Sikio la fundi halidanganyiki:
mshono ule haukuishia pale.

Nilimkuta kaangukia makapi ya vitambaa.
Huyu kaleta maji. Yule kaleta kiatu, anuse.
"Anapumua, msikieni anakoroma, mwacheni apumzike."
Lakini kuna kupumua na kuna kufurukuta.
Anayehema kama samaki kwenye karai,
mara moja,
kimya,
mara moja tena,
huyo hapumui, huyo anaaga.
Nikamwita kwa jina nililokuwa nimelifungia kabatini.
Wasonga!
Hakuitika. Hata hasira hakunionyesha.

"Wewe wa fulana nyekundu! Piga simu Rasha,
sema Kibuye, upande wa mafundi nguo, usikate simu."
Nikapiga magoti.

Moja, mbili, tatu, nne,
kwenye kumi na saba ubavu ukalia,
kra, kama marekani mpya ikichanwa,
na mama mmoja akapiga yowe: "Unamuua!"
Kumi na nane.
Aliyekwisha kuondoka huwezi kumuua,
unaweza kumrudisha au kumkosa.
Kumi na tisa.
Mimi sikuuamsha moyo wake, tuelewane.
Niliushikia kazi tu,
damu isije ikasahau njia ya kwenda kichwani.

Dakika ya pili mabega yaliwaka moto.
Nandwa wa mkokoteni akapokea, akaenda mbio mno;
nikamhesabia kwa sauti,
nikakanyaga hewa kwa mguu wa kulia
hadi mikono yake ikauingia mdundo.
Tukapokezana, yeye na mimi, mimi na yeye,
jasho letu likilowesha shati la adui yangu,
hadi gari lilipopenya katikati ya nyanya na mitumba.
Ni dakika ngapi? Niulize idadi, usiniulize saa.

Alipata siku nne.
Sitakudanganya kwamba alirudi kibandani.
Siku nne: binti yake Adongo akawahi kufika kutoka Nakuru,
akamlisha uji kwa kijiko,
akaonyeshwa hati ya shamba ilipofichwa,
akagombezwa kidogo kwa kukonda.
Baada ya mazishi alisimama mlangoni pangu.
"Ni wewe uliyenipa siku nne?"
Jibu sikuwa nalo.
Nikamtwika robota.

Suruali iliyobaki chini ya sindano ya Wasonga
nimeimalizia.
Mshono wake na wangu umekutana gotini.
Mwenye suruali alilipa, akavaa, akaenda zake.
Hajagundua.