Homa ya Kongo

Mbuzi tulimnunua Sinau, alfajiri ya Alhamisi,
mweusi, masikio marefu, riali mia na ishirini,
baada ya Harubu kuapa mara tatu kwamba anaondoka.
Alipanda pikapu kama bwana harusi.
Nyumbani akafungwa kwenye mkunazi, akapewa majani,
watoto wakampa jina, ingawa tuliwakataza.

Ndani ya sikio, pale ngozi ilipo laini na vuguvugu,
walikaa kupe. Saba. Wanene, rangi ya risasi,
wameshiba hata miguu haionekani.

Harubu aliwang'oa kwa mkono mtupu.
Mmoja mmoja akambana baina ya kucha mbili:
tak.
"Damu ya mbuzi wangu hiyo," akasema, "naidai."
Tak.
Akajifuta kwenye wizari.
Tulicheka. Mimi nilicheka.
Niliandike hilo kabla ya mengine.

Idi ikaja, kisu kikapita, shuwa ikashuka shimoni.
Siku ya tano Harubu akasema mgongo unamvunjika.
Ya sita, macho mekundu, kama mtu aliyefiwa.
Ya saba akapiga mswaki, na sinki…
Sinki sitaisimulia.

Hospitali ya Ibra, nyuma ya milango miwili ya vioo,
daktari aliyefunikwa mpaka nyusi
akauliza: Mnafuga? Mmechinja? Nani alishika kupe?
Kisha akaitaja kwa jina: homa ya Kongo.

Shangazi Muzna, mzaliwa wa Kasongo,
akainuka kitini na mkoba wake.
"Kongo? Kongo nimetoka na sanduku moja na birika,
miaka sitini hii, sijapiga hata chafya!
Andika homa ya Sinau.
Andika homa ya kucha za Harubu."
Muuguzi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.
Hatukucheka tena kwa siku kumi na moja.

Siku kumi na nne tulijipima, sisi tuliomgusa,
asubuhi na jioni, kila mtu na kipimajoto chake.
Nikajua hofu inavyokaa kwenye nukta:
thelathini na saba nukta mbili,
nukta nne,
nukta mbili tena, alhamdulillahi.

Mdharau mwiba, walisema, mguu huota tende.
Lakini hapa kwetu tende ni khalasi na khunaizi,
tunazila na kahawa,
na methali imeingia sukari, haiumi tena.

Harubu alirudi. Kanzu ilimning'inia
kama bado iko kambani.

Sasa mimi ndiye bawabu wa zizi, na nina mdomo.
Glavu, au rudi ulikotoka.
Suruali ndani ya soksi; ndiyo, na wewe, msomi wa Maskati,
cheka tu, kupe hasomi vyeti.
Mbuzi aogeshwe dawa mapema, siku nyingi kabla ya kisu.
Ukitoka kondeni jikague: nyuma ya goti, kwapani,
kwenye mshipi, nyuma ya sikio la mtoto aliyelala.
Ukimkuta ameganda, usimchome kwa sigara,
usimpake mafuta kama mwali.
Na homa ikikushika, usiite jicho la watu.
Mwambie daktari: nilikuwa na mbuzi.
Maneno manne. Yasikutie haya.

Jana, chini ya mkunazi, mbuzi mwingine, sikio jingine.
Harubu kavaa glavu za buluu, kashika kibano,
mkono unamtetemeka kidogo.
Akamshika kupe karibu kabisa na ngozi,
akavuta taratibu, wima, bila kupinda,
akamdondosha kwenye kichupa cha spiriti.
Akafunga kifuniko.
Akakitazama kichupa muda mrefu.

Sote tulikuwa tumenyamaza, tukiisikiliza ile tak.
Haikuja.