Kadi Isiyo na Tundu

Chilongani alikuja na swali moja na kinasa sauti cha betri sita.
"Sema kila kinachokupitia kichwani," alimwambia Sechelela,
muuza karanga wa Majengo, "hata kama ni upuuzi.
Una chui, una mbuzi, una mzigo wa majani,
na mtumbwi unabeba wewe na kimoja tu."

Alicheka kwanza. "Mto gani huo, Dodoma hii?"
(Nikaandika: cheko, sekunde nne.)
Kisha: "Namvusha mbuzi. Narudi mtupu.
Nachukua majani... hapana, ngoja,
nikiyaacha na mbuzi nimekwisha."
Halafu akanyamaza.

Mimi ndiye niliyetoboa kadi,
kila wazo lake kadi moja:
KAMA mbuzi yuko na majani, BASI usiondoke.
Kidole changu cha shahada kikaota sugu.
Kadi mia tatu na kumi na mbili ndani ya boksi la sabuni,
nikalifunga kwa kamba ya katani, nikalipandisha treni ya usiku
kwenda Dar es Salaam, kwenye mashine ya kukodi.
Nilisali lisidondoke. Mawazo ya mtu yakichanganyika
nani atayapanga upya?

Wiki tatu. Ikarudi karatasi ndefu kama mkeka:
mashine imevuka mto kwa safari saba,
imesita palepale aliposita Sechelela,
ikajirudi.
Chilongani aliruka, vumbi likatimka kwenye mafaili.
"Tumempata! Huyu hapa, anawaza!"

Ukabaki ule ukimya.
Sekunde arobaini na moja za mkanda,
upepo tu, na jogoo wa jirani.
Tuliutobolea SUBIRI, na mashine ilisubiri kwa utii,
ikihesabu moja hadi arobaini na moja.

Nikamfuata sokoni nimuulize.
Akajaza kopo, akasawazisha karanga kwa kiganja.
"Siku ile? Nilikuwa nimeacha uwele juu ya tembe
nikaona wingu upande wa Msalato.
Halafu nikawaza, huyo mwenye chui,
watoto wake wanalala wapi?"

Chilongani alilisoma jibu mara mbili,
akatafuta pa kuliweka.
Akachomoa kadi mpya, akaishika kwenye mwanga wa dirisha,
haina hata tundu moja,
akaipachika baada ya ile ya mia na tisa.

Mashine iliikataa, boksi zima likarudi.
Mvua, nakumbuka, haikunyesha.