Aliyekula Chumvi Nyingi

Baba alikufa na miaka hamsini na mmoja.
Kwetu Akita hawakuuliza mtu kafa kwa nini,
waliuliza tu: amepigwa?
Amepigwa, mama akajibu,
nao wakatikisa vichwa, wakakung'uta theluji viatuni,
wakaingia kula.

Stoo ya nyuma ilikuwa na mapipa saba.
Figili, majani ya haradali, biringanya changa,
na samoni aliyening'inizwa kwa mkia,
mwili mzima umeota ukoko mweupe.
Miezi mitano hatukuona jani bichi.
Kazi yangu, mtoto wa miaka tisa, ilikuwa kumshikia mama taa
akipanga figili tabaka kwa tabaka,
chumvi akiipima kwa kiganja,
kisha kifuniko, kisha jiwe juu yake.
Asubuhi jiwe limezama vidole viwili
na maji yamepanda.
Nani katia maji? niliuliza.
Hakuna. Chumvi imeyaita, mama alisema,
na chumvi ikiita, maji hayakatai.

Baba alikata magogo mlimani.
Akirudi, alimwagia figili zile zile mchuzi wa soya
kabla hajaonja.
Supu ya miso mabakuli matatu, wali wa kushindilia,
kipande cha samoni cha kuchoma midomo.
"Kikali," alisema,
na hilo ndilo lilikuwa neno lake la mapenzi.
Usiku alikunywa maji kama ng'ombe.
Jioni viatu vilimbana. Shingo ikaiva, nyekundu.
Katikati ya Januari akasikia nyenje wakilia,
akatuuliza kama na sisi tunawasikia.

Alianguka njiani kwenda chooni, alfajiri,
taa ikazimikia kwenye theluji.
Nusu ya uso wake bado ilitaka kusema kitu.
Siku tatu ilitaka.

Theluji ilipoyeyuka akaja Bi Sakuno, muuguzi,
na baiskeli, daftari, na mizani ya duka la dawa.
Hakuhubiri. Alipima, akaandika, akapima tena.
Kisha akamimina chumvi juu ya gazeti:
hiki, alisema, ndicho mnachokula kila mmoja kwa siku.
Kilima kidogo. Kingejaza kikombe cha sake.
Akaeleza jinsi inavyoingia kwenye damu na kuita maji,
damu ikafura, mishipa ikakakamaa,
moyo ukasukuma kama mtu anayesukuma mlango
ulioegemewa na theluji,
figo zikachuja hadi zikachoka,
mpaka asubuhi moja ya baridi, kichwani,
uzi mmoja mwembamba ukakatika.

Mama hakuwa akitazama gazeti.
Alikuwa akitazama jiwe.
"Mkono ni huu," alisema.
Bi Sakuno akasema mkono ni wa bonde zima,
wa mama zake na mama zao,
wa watu waliogoma kufa njaa wakati wa theluji.
Mama alisikia. Sijui kama alikubali.

Tangu hapo alipima kwa kijiko, na kijiko kikazidi kupungua.
Tulinung'unika. Kaka yangu Tamezo alisema
anakula maji ya kuoshea vyombo.
Akala hivyo hivyo.

Leo mama ana miaka tisini na miwili.
Huyo ndiye aliyekula chumvi nyingi,
yeye aliyeihesabu punje kwa punje.
Baba, aliyeichota kwa kiganja,
hakuila.

Kila mwaka, siku aliyokufa, mama hupika bakuli moja
kwa kipimo cha zamani,
akaliweka mbele ya picha yake.
Mwaka huu nililionja jikoni, nimempa mama mgongo.
Sijala kitu kitamu kama kile mwaka mzima.
Nikaonja tena.

"Rudisha kijiko," alisema mama, bila kugeuka.
"Na umwekee maji karibu.
Atasikia kiu."