Risasi Chini ya Sahani

Mimi hutengeneza mizani.
Busia, upande wa Uganda, nyuma ya ghala la mahindi,
ubao wangu una rangi ya bluu: EGESA, FUNDI WA RATILI.
Wenye maharage huniletea, wenye dagaa huniletea,
na yule wa vyuma chakavu huja usiku,
yake kaifunika gunia.
Nawajua wezi kwa springi zao.
Mmoja alibandika risasi chini ya sahani,
si kubwa, kama ukucha wa kidole gumba,
na mwaka mzima kila kilo ilimpa
vitunguu viwili asivyolima.

Kwa hiyo usiniulize ilikuwaje.
Au uliza.

Nilitaka mkopo wa mashine ya kukereza.
Karani wa chama chetu cha akiba akasema,
"Sifa yako ya mikopo ikoje?"
Sifa! Nikadhani ataka shahidi, nikamtaja katekista.
Akacheka. Kumbe kuna mahali watu hupimwa,
kila deni na uzito wake,
kila siku ya kuchelewa na gramu zake.
Mimi mpimaji
sijawahi kupanda sahani.

Usiku ule simu ikawaka:
JUA ALAMA ZAKO. RIPOTI YAKO NI BURE. BURE KABISA.
Ratili inayoapa ni ya kuogopwa, hilo nalijua.
Nikavaa miwani.

Jina, nikaandika. Namba ya kitambulisho,
herufi kwa herufi, Taaka akinishikia tochi.
Namba ya simu, ile yenye pesa.
Jina la mama mzazi. Hapo kidole kilisita:
jina la mama limeandikwa mahali pamoja tu,
kwenye saruji, kule Lumino.
Nikaliandika.
Chini kabisa, maneno membamba kama miguu ya sisimizi,
na kisanduku kilichotiwa tiki kabla sijafika.
"Baba, hapa pamesema nini?"
"Pamesema tukubali."

Ripoti ikaja. Ukurasa mmoja, jina langu limekosewa,
na pale penye alama, ukungu.
Ukungu nao una bei yake.
Nikazima simu, nikalala, nikasahau.

Jumatatu, shilingi elfu moja na mia mbili zikatoka.
Jumatatu ya pili, vilevile.
Sauti tamu nisizozijua zikaanza kunipigia:
"Mzee Egesa, tumesikia unahitaji mkopo."
Mmesikia wapi?
Jumatatu ya nane nikamgeukia Okumu, mwanafunzi wangu,
maana ndiye nimtumaye kutoa pesa,
ndiye ajuaye namba ya siri.
Nikamwita mwizi mbele ya wateja.
Akaweka bisibisi mezani, taratibu, kama kitu cha kuvunjika,
akaondoka.

Jumatatu ya tisa Okumu hayupo,
na pesa ikatoka.

Nikakaa.

Taaka ndiye aliyeupata ujumbe: Asante kwa kuendelea kuwa nasi.
Kujitoa, tuma neno TOKA. Gharama, shilingi mia tano.
Nikalipia mlango wa chumba
nisichokumbuka kuingia.

Karani akafungua kompyuta yake. "Ungeniambia tu, mzee,
hii tungekuchapia hapahapa."
Akachapa. Sina deni. Sina chochote.
Karatasi karibu nyeupe.

Wahenga walisema rahisi ghali.
La bure hawakulisema;
labda waliona halihitaji kusemwa.

Nimekwenda Dabani na bisibisi mfukoni.
Okumu alikuwa akiosha pikipiki ya mtu.
Akaniacha nisimame juani, kisha akauliza,
"Zilikuwa ngapi, hizo nilizoiba?"
"Elfu kumi na moja na mia tatu."
"Zote?"
"Zote."
Akahesabu kwa vidole vyenye povu,
akanitazama kama tunavyoutazama mshale
baada ya mzigo kuwekwa,
unapotetemeka, unapopita namba, unaporudi.
Bisibisi nimeishika mbele yangu.
Mkono umeanza kuchoka.