Toleo la Pili

Niliianika kazi yangu.
Kama wanavyoanika katani njia ya Pongwe,
singa ndefu na singa fupi waya mmoja,
apitaye barabarani aone na takataka zake.
Visima ishirini na vitatu, Ngamiani na Makorora,
miezi kumi na minne ya kuinama na kipima-chumvi,
jedwali zima, hata wiki niliyolala na malaria,
mistari saba mitupu.

Dakta Mntangi alinionya:
"Mpishi hakaribishi wageni jikoni.
Subiri makala itoke, ndipo ufungue,
au usifungue. Nani atakuuliza?"
Namheshimu. Nikanunua bando la usiku,
nikapakia faili saa nane, bei ikiwa rahisi,
nikaandika chini: chukueni, tumieni,
nitajeni tu, na mkiona kosa semeni.
Hilo la mwisho nililiandika kwa adabu,
kama mtu asemavyo "karibu chakula"
tonge la mwisho likiwa mkononi.

Mwenye kisima namba tisa alikataa jina.
"Namba yatosha. Jina langu si la kila mtu."
Basi ni Tisa. Hata hapa ni Tisa.

Wiki ya sita akaniandikia mtu asiyenijua,
Nangumbi, fundi bomba, Mikindani.
Hakunisifu. Alianza hivi:
"Dada, masika yakinyesha chumvi ya kisima hupungua.
Vyako Aprili vimepanda vyote, siku moja, kiasi kimoja.
Maji hayapangi foleni namna hiyo.
Tazama chombo."

Nikatazama chombo.
Aprili changu kiliishiwa betri, nikaazima cha idara,
sikukitumbukiza kwanza katika maji ya kurekebishia
maana chupa ilibaki kidole kimoja
nami nilikuwa nabana matumizi.
Kidole kimoja!

Sasa lililonikwama kooni.
Mei nilimpelekea Tisa karatasi yenye mhuri:
maji yako hayafai kunywa.
Akakifunika kisima kwa bati na tofali,
akawa ananunua ndoo sita kwa siku, mia mbili mia mbili,
yeye muuza vitumbua,
ambaye kitumbua kimoja ni hiyo hiyo mia mbili.
Miezi mitano.
Piga hesabu wewe, mimi nilishaipiga.

Nilikwenda alfajiri, kompyuta kifuani kama ngao.
Nikamweleza. Akaendelea kugeuza vitumbua.
Kisha akaondoa tofali, akasukuma bati, akateka,
akaonja, akatema pembeni, akaonja tena.
"Yale yale. Nilijua. Ulimi wangu hautumii betri."
"Mbona hukusema?"
"Uliniuliza? Uliniletea mhuri."
Mafuta yakachemka kidogo.
"Na hela ya ndoo?"

Sikuwa nayo. Nimelipa elfu arobaini mpaka leo,
anaandika ukutani kwa mkaa,
na ukuta huo kila mteja anausoma.

Usiku ule sikulifuta faili la kwanza.
Ningeweza; kidole kimoja tena, na aibu ingezama.
Nimeliacha lilipo, na kosa lake, na tarehe yake,
nikaweka la pili kando,
nikaeleza betri, chupa, ubahili wangu,
jina la Nangumbi nikalitanguliza kabla ya la Dakta.
Dakta hapokei simu yangu tangu Jumatatu.

Nimeongeza na safu mpya,
kulia kabisa, ambako macho huwa yamechoka:
ladha, kwa ulimi wa mwenye kisima.
Visima ishirini na viwili bado sijavipitia.
Namba tisa: "Yale yale."