Kwata ya Usiku

Kambi ilikuwa nje kidogo ya Chita,
ambako baridi haiji; baridi inaishi,
wageni ni sisi.
Novemba, mwaka wa themanini na tatu.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mikono ya kukamulia,
na lugha ya Kiestonia isiyo na wa kuijibu.

Sajini Lapshin aliniita Samaki,
kwa kuwa natoka kisiwani,
na kwa kuwa nikiulizwa nilichelewa kufungua mdomo.
"Samaki, mguu sawa!
Samaki, sakafu!"
Sakafu ilikuwa na urefu wa mita arobaini
na cha kuisugulia ni mswaki wangu mwenyewe,
ambao asubuhi yake, yeye akinitazama,
niliutia kinywani.

Siagi yangu, duara dogo kama sarafu,
ilipita mbele yangu kama mgeni wa watu wengine.
Mkanda wake ulikuwa na bizimu ya shaba yenye nyota.
Nyota hiyo nililala nayo mgongoni wiki mbili.
Hrant, wa kitanda cha juu, aliisoma kwa kidole gizani:
"Pembe zote tano zimetoka sawasawa."
Tukacheka, tumeuma mito,
mpaka mbavu zikauma kuliko mgongo.

Mama yangu, Leida, alimsamehe jirani
aliyeandika barua iliyompeleka babu asikorudi.
Nilikuwa mtoto. Nikamuuliza, uliwezaje?
Hakuacha kukamua.
"Sikuweza. Ninaweza.
Leo nimekamua; kesho kiwele kitakuwa kimejaa tena.
Usipokamua, anayeugua ni ng'ombe wako,
si jirani."

Basi taa zikizimwa
nilianza kwata yangu chini ya blanketi:
Hasira, mguu sawa.
Hasira, nyuma geuka.
Haikugeuka.
Nyuma, geuka!
Siku ya tisa iligeuka nusu, ikachungulia begani.
Kuna usiku nilimsamehe mswaki tu,
siagi nikamwandikia deni.
Kuna usiku nilimsamehe vyote,
kisha nikamsikia akikoroma kwa raha zake,
nikaanza upya.

Nisidanganye: hakubadilika.
Aliondoka Mei, sanduku jipya mkononi,
akanipiga kofi la kuagana:
"Sasa zamu yako, Samaki."

Zamu yangu.
Wakaja wapya, masikio makubwa juu ya vichwa vilivyonyolewa.
Mmoja, Talant, wa milima ya Kirgizi,
aliniangushia sufuria ya supu miguuni.
Mkono haukuniuliza.
Uliijua njia kama ng'ombe anavyolijua zizi.
Na kutoka chini alinitazama
kwa yale macho niliyokuwa nayo mimi
juu ya mswaki.

Mwaka mzima nilikuwa nimejifunza kutoa.
Hakuna usiku hata mmoja niliofanya mazoezi ya kuomba.
Niliomba hivyo hivyo, kwa Kirusi kibovu,
nimepiga magoti, naokota viazi.
Hakujibu.
Alibeba sufuria, akaniacha na kiazi kiganjani,
bado cha moto.

Sasa nina miaka sitini, goti bovu, ng'ombe watatu.
Alfajiri naegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe,
naanza na Lapshin. Siku hizi hana mengi,
matone mawili matatu, ndoo haisikii.
Kisha namfikiria Talant.
Huko kwake kumekucha zamani,
bila shaka ana mifugo,
labda keshakamua na kumaliza,
labda leo mimi nimo ndani ya ndoo yake, labda simo.
Simharakishi.
Nasogeza kigoda kwa ng'ombe wa pili.